Nimwandike Nani kwenye Bima

Mabatini, Mbeya
4 Februari 2024

Dada Yudith,

Kamwene. Najua umeshangaa kupata bahasha badala ya ujumbe wa simu. Ila simu yenyewe ni ya Happy, na Happy ni fundi cherehani mzuri sana, lakini ujumbe wako anakusomea kwa sauti ya kushindana na cherehani kwa sababu ya masikio yako. Mwezi jana nilikuandikia kwamba mgongo unanisumbua, ukanijibu kuwa wateja wake wote wamenipa pole. Hili la leo sitaki pole ya wateja. Nimeituma barua kwa basi, Philbert wa bodaboda ataipokea Ipogolo akuletee.

Jana alikuja dukani wakala wa bima ya maisha, anaitwa Jailos. Mzee Mulji alimpa chai, naye akaanza kutuuliza umri mmoja mmoja. Jayshree, mkwe wa mzee, ana miaka ishirini na saba na mtoto mchanga. Akaambiwa kwa umri wake malipo ni madogo na faida ni kubwa, kwa sababu kuna mtu mdogo anayemtegemea. Jayshree akasema yeye hazungumzi habari za kufa huku ananyonyesha, akaingia ndani. Mzee Mulji yeye aliitaka kweli kweli, lakini ana miaka sabini na tisa, akaambiwa muda umepita. Alikasirika, akamwambia Jailos kwamba wanawauzia wasiotaka na kuwanyima wanaotaka. Chai ya pili hakumpa.

Ikafika zamu yangu. Nikasema hamsini na nne. Hiyo unajua ni miaka yako, ya kwangu ni miwili pungufu, lakini nifanyeje. Tangu mama alipoanguka, ukabaki kumuuguza wewe uliyechaguliwa, mimi niliyefeli nikaenda sekondari badala yako kwa barua yako na cheti chako cha ubatizo, kila karatasi yangu ni Yudith. Cheti cha shule Yudith, cha ndoa Yudith, kitambulisho cha taifa Yudith. Jailos akasema mlango wao unafungwa mtu akitimiza hamsini na tano. Kwa hiyo nina mpaka siku yako ya kuzaliwa, Septemba.

Halafu akaniuliza nani ananitegemea. Watoto sijajaliwa, mume wangu Gwakisa amelala kaburini kwao Rungwe huu mwaka wa tisa. Jailos akafunga kalamu yake taratibu akasema, "Mama, kwa umri huu, kama hakuna anayekutegemea, kwa kweli bima si ya lazima." Alisema kwa huruma, na ile huruma ndiyo iliyoniudhi. Nikamwambia ninaye mtu wa kumwandika. Akasema vizuri, basi nimpe jina lake kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho.

Hapo nikakwama. Nikiandika Yudith nimejiandika mwenyewe. Wewe ulijiandikisha kwa jina gani, dada? Miaka yote hii sijawahi kukuuliza. Nijibu hilo tu, mengine tutaongea.

Mdogo wako,
Damari


Tosamaganga
20 Februari 2024

Mdogo wangu Damari,

Kamwene. Barua yako Philbert aliikalia siku mbili, imenifikia inanuka petroli. Nimeisoma nikiwa nimesimama, nikaenda kukaa nikaisoma tena. Sasa niambie, unaumwa nini? Mtu haamki tu asubuhi akaanza kutafuta nani wa kurithi kifo chake. Kama ni mgongo, mgongo hauui. Kama ni kitu kingine, sema, usinizungushe na habari za Wahindi na chai.

Kuhusu hiyo bima yenu, sisi huku tunayo ya kwetu na mwenyekiti ni Bertha. Kikundi chetu cha kuzikana hakimuulizi mtu umri. Kinauliza jambo moja: msiba wa fulani, ulikuwepo? Mimi nimebeba maji, nimemenya viazi mpaka vidole vimekufa ganzi, nimelala chini kwenye misiba ya Juni, kwa baridi ambayo hata mbwa walikataa kutoka nje. Nikifa kesho, Bertha hatapiga simu kwa mtu yeyote kuomba waje. Watakuja wenyewe.

Mwezi huu tumezika wawili. Mmoja alikuwa mlevi wa ulanzi aliyetutukana wote kwa majina ya baba zetu, lakini kwenye kuchimba kaburi hakukosa hata siku moja. Watu walijaa mpaka barabarani. Mwingine alikuwa mstaafu, mtu mpole, ila kila msiba alikuwa anatuma hela na kusema yuko safarini. Yeye tulimzika wachache na chakula kikabaki. Hiyo bima yako naiona ni ya namna hiyo, bima ya mtu asiyekuwepo.

Tena niulize: nikiambiwa umekufa, halafu nikapewa hela mkononi, nizifanyie nini? Nikanunue mdogo wangu mwingine sokoni? Mimi kwa umri wangu nakula mara mbili kwa siku na nalala mapema. Hizo hela ungemwachia mtoto, ungekuwa naye. Huna, nami sina. Mungu alitupanga hivyo, basi.

Lile swali la jina tuliache. Mahindi yanataka palizi ya pili na mvua hainipi nafasi.

Dada yako,
Yudith


Mabatini, Mbeya
9 Machi 2024

Dada Yudith,

Siumwi. Nimepima presha kwa ajili yako, nesi akasema ni ya msichana. Ondoa wasiwasi.

Umenichekesha na habari ya mdogo wa kununua sokoni, nilicheka peke yangu nikiwa nafunga duka, Mzee Mulji akaniangalia. Lakini dada, umejibu yote ila nililokuuliza. Wewe ukikwepa kitu nakujua, unakimbilia shambani.

Acha nikueleze ninavyoiona mimi. Nilipokuwa na miaka thelathini alikuja wakala nyumbani, Gwakisa akamfukuza akisema yeye atatuzika wote. Nilipofika arobaini nilikuwa bado natumaini mtoto, nikasema nitakata bima siku nikipata mimba. Sasa niko hapa, na kijana wa watu ananiambia si ya lazima tena. Ukiangalia vizuri, kila umri mtu anapata sababu ya kusema bado, mpaka anaambiwa umechelewa kama Mzee Mulji. Mimi sitaki kuambiwa hivyo. Nimefika umri wa kutaka jambo moja likamilike bila kuuliza kama lina faida.

Kwa hiyo nimewaza hivi. Kama ulijiandikisha Damari, tumemaliza, nitakuandika hivyo. Kama hujajiandikisha kabisa, nenda sasa kachukue kitambulisho kwa jina langu. Cheti changu cha ubatizo kipo kwenye sanduku la mama, hakijawahi kutumika. Jina langu lenyewe lipo tu, halifanyi kazi yoyote duniani. Wewe chukua la kwangu, mimi nina la kwako, makaratasi yanakaa sawa na hakuna anayeumia.

Jailos anapita dukani kila mwisho wa wiki. Nimemwambia asubiri kidogo, dada yangu yuko shambani.

Mdogo wako,
Damari


Tosamaganga
3 Aprili 2024

Damari,

Nimesubiri Pasaka ipite ili nisikuandikie kwa hasira. Imepita na hasira ipo palepale, kwa hiyo naandika hivyohivyo.

Sina kitambulisho. Walipokuja kuandikisha watu hapa shuleni, nilipanga foleni tangu asubuhi na barua ya mtendaji mkononi. Nilipokaribia meza nikakumbuka ulikuwa umeshaniambia kwamba Mbeya umeandikishwa. Watu wawili, jina moja, baba na mama walewale, tarehe ileile, parokia ileile. Nikaona watakufunga. Nikamwambia aliyekuwa nyuma yangu nimesahau chungu motoni, nikatoka. Ndiyo maana laini ya simu ni ya Happy. Shamba la baba lilipopimwa waliniambia hati nitachukua nikileta kitambulisho. Mpaka leo sijapeleka. Sikukuambia kwa sababu ungelia, na kulia kwako kusingenisaidia kitu.

Sasa unaniandikia kwamba jina lako lipo tu. La kwangu je, ulidhani nalo lilikuwa limekaa tu siku ile unaondoka nalo? Nililipenda. Mwalimu alilisoma mbele ya shule nzima, la kwanza kwa wasichana. Nilikupa kwa sababu mama alikuwa mzito na wewe ulikuwa huwezi kumgeuza kitandani. Nikikumbuka sijutii, usije ukaelewa vibaya. Ila nilikupa la shule. Sikukupa lote.

Siku ya posa umesahau? Walipokuja watu wa Gwakisa, baba alituamuru sote tukuite Yudith, na mimi nikawa Damari kutwa nzima. Mjomba wake akaita, "Damari, lete maji ya kunawa," nikaenda nikapiga magoti nikamnawisha. Jikoni mlicheka mpaka mkashikana, nami nilicheka. Wageni walipoondoka mama akaniita kwa jina langu kutoka chumbani, nikashindwa kuitika kwa sababu ya kilio. Hilo hukuliona, ulikuwa unawasindikiza.

Padri ananiita Yudith. Bertha ananiita Yudith. Nitakapokufa msalaba wangu utaandikwa Yudith, na hiyo ndiyo mali niliyobaki nayo. Usiniombe tena.

Dada yako,
Yudith


Mabatini, Mbeya
16 Juni 2024

Dada yangu,

Nimeandika barua hii mara nyingi nikaichana. Mara naomba msamaha sana, mara najitetea, zote zikawa na sauti ya mtu wa dukani. Nikaacha wiki zikapita, baridi ikaingia, na kila basi la Iringa likipita nilikuwa najua halina kitu changu.

Habari ya ile foleni sijui niiseme vipi. Nimelia kama ulivyosema, na kama ulivyosema haikusaidia. Na kilio cha siku ya posa kweli sikukiona. Nilikuwa na furaha, dada, nilikuwa naangalia viatu vyangu vipya.

Sasa nikuambie kwa nini nilishika habari ya bima, maana nilikuficha. Sitaki ubadili mawazo, nataka tu usinifikirie kwamba nilikuwa nachezea jina lako kwa tamaa ya makaratasi.

Chumba cha jirani na changu hapa alikaa mama mmoja, Eveline, muuza mitumba. Tuligawana chumvi na mkaa miaka minne. Mwanzoni mwa Januari hakufungua mlango, tulipovunja tukamkuta amekwisha. Basi ikaanza kazi ya kutafuta kwao. Simu yake ilikuwa imefungwa kwa namba ya siri. Mmoja akasema ni wa Makete, mwingine Mufindi, mimi niliyekula naye nilikuwa najua tu kwamba hapendi dagaa. Alikaa mochwari mpaka mwisho wa mwezi, ndipo halmashauri ikamzika. Tulikwenda mwenye nyumba na mimi na wachimbaji. Kwenye kibao waliandika Eveline, nafasi ya jina la baba wakaacha wazi.

Tukiwa tunarudi mwenye nyumba akaniuliza, "Na wewe Mama Yudith, kwenu hasa ni wapi?" Nikasema Iringa. Akasema Iringa ni kubwa. Nikageuza mazungumzo. Dada, nimekaa mji huu miaka yote nikimkwepa kila mtu wa kwetu asije akaniita Damari mbele za watu. Nikisikia Kihehe sokoni nabadili njia. Nimefanya hivyo mpaka hakuna tena anayejua nimetoka wapi. Gwakisa ndiye aliyekuwa anajua, tena tukiwa wawili alikuwa ananiita jina langu, polepole hivi, kama mtu anayenong'ona kanisani. Alipokufa mashemeji walinipigia simu mwaka mmoja, wa pili wakaacha.

Utasema ningempa mwenye nyumba namba yako. Nilimpa. Akaihifadhi kwa jina la Happy Fundi, na nyumba yenyewe anaiuza. Mtu kama mimi anahama na hakuna anayehama naye.

Ndiyo siku zilezile Jailos akaja dukani. Nilimuuliza ikitokea nimekufa wao watafanyaje. Akasema, "Kazi yetu ni kumtafuta mnufaika mpaka apatikane." Hilo tu ndilo nililotaka kununua, dada. Hela sikuziwaza. Nilitaka kuwe na mtu mmoja Mbeya hii ambaye atalazimika kupanda basi kuja kukuambia, usije ukakaa huko unasubiri barua yangu miezi na miezi na mimi nimeshazikwa kwenye kibao chenye jina moja.

Nimemwambia Jailos basi, nimeghairi. Kweli alivyosema, kwa umri wangu si ya lazima. Sitakuomba tena. Uniandikie tu kama mahindi yamekubali.

Mdogo wako,
Damari


Tosamaganga
11 Agosti 2024

Mdogo wangu,

Kamwene. Mahindi yamekubali, ya chini kule mtoni yameliwa na nguruwe pori lakini nimevuna ya kunitosha. Viazi nimekutumia nusu gunia, kondakta anajua duka la Mulji.

Barua yako nilimsomea Bertha. Usichukie. Nilishindwa kukaa nayo peke yangu, na Bertha siri anazificha kuliko sanduku la mama. Nilipofika pale pa kibao akanizuia, akatoka nje akarudi amejifuta macho. Bertha hajawahi kulia kwenye msiba hata mmoja, anajulikana hivyo. Akasema hakuna mtu aliyezaliwa na mama yetu atakayezikwa bila jina la baba yake akiwa yeye mwenyekiti.

Nikakaa nikawaza wiki mbili. Nilikuwa nakuambia bima yako ni ya mtu asiyekuwepo, kumbe ndivyo ulivyo, hupo huku na huko pia hupo. Hilo lilinichoma. Kijana anakata bima ili mtoto asikose ada, hilo naelewa. Mtu wa umri wetu labda anakata ili habari zake zifike. Nayo ni haja, wala siyo ndogo.

Basi sikiliza. Nimefungua sanduku nikatoa cheti chako cha ubatizo, kimeliwa pembeni na mende lakini jina lipo. Mtendaji wa sasa ni Sedekia, mgeni kutoka Makete, bado hajatufahamu vizuri. Tulikwenda mimi, Bertha na wanawake wengine wawili wa kikundi kama mashahidi. Bertha alivaa uso wake wa mwenyekiti akaniita Damari mara sita mbele ya Sedekia bila kutetereka. Wale wengine mmoja alianza, "Dada Yudi..." Bertha akamkanyaga mguu. Barua ikaandikwa. Tulipotoka tukacheka kwenye mahindi ya watu.

Mjini Iringa nilikwenda peke yangu. Safari hii sikutoka kwenye foleni. Msichana mezani aliniuliza jina, nami nikasikia kweli, maana nilikuwa nimekaza masikio tangu nje. Nikasema Damari. Nilidhani nitaumia zaidi ya vile. Niliumia kama mtu anayetolewa mwiba, kidogo na kwa muda mfupi. Wakanishika vidole, wakanipiga picha. Nimekuwa mdogo kwa miaka miwili asubuhi moja, ila magoti hayajaambiwa.

Kadi yenyewe bado, namba nimepata, nimekuandikia nyuma ya karatasi hii. Nimenunua na laini yangu. Sisikii vizuri, lakini wakipiga Bertha atasema badala yangu. Mlango wao si umebaki kidogo ufungwe? Muite huyo Jailos. Mwambie mnufaika wako yupo na anapatikana.

Kanisani nimebaki Yudith, na msalaba wangu kikundi kizima kimeshaambiwa. Hilo halibadiliki. Lakini serikalini mimi ndiye Damari, na nikiwa Damari hakuna mahali utakapofia nisikupate.

Sikuiti uje kuishi huku. Umeshakuwa mtu wa huko, na mimi nimezoea nyumba yenye mtu mmoja, wawili wangenichosha. Ila mjue hivyo wewe na huyo wakala wako, kwamba mtu wa kutafutwa yupo.

Naweka sahihi kama nilivyofundishwa pale mezani, nizoee.

Dada yako,
Damari


Mabatini, Mbeya
1 Septemba 2024

Dada yangu,

Viazi vimefika, nimemgawia Jayshree. Nimesimama dukani na barua yako mkononi, nikafika mwisho pale ulipoweka jina, nikasahau kuwa kuna mteja anasubiri chenji. Hakuna mtu aliyewahi kuniandikia barua iliyosainiwa jina langu. Nimeiangalia sana ile sahihi. Unaandika D kubwa nzuri kuliko yangu.

Jailos alikuja Ijumaa. Alinieleza tena kama mtu mwaminifu kwamba kwa umri wangu nitalipa zaidi kuliko Jayshree, na kwamba dada yangu naye si mtoto, anaweza kutangulia yeye. Nikamwambia najua yote hayo, aandike. Alifungua fomu palepale juu ya kaunta, Mzee Mulji akavuta kiti karibu kama anaangalia harusi.

Mwenye bima: Yudith. Akaniuliza mnufaika. Nikasema Damari. Akauliza, "Damari ni nani wako?" Nikasema dada. Akaandika kijiji, parokia, namba yako, jina la Bertha kama mtu wa karibu, na jinsi ya kufika kutoka Ipogolo, mpaka ule mteremko wa misheni nilimwelekeza. Sikutegemea kwamba naukumbuka vizuri vile. Aliandika yote.

Jayshree alikuwa amesimama nyuma na mtoto begani. Akasema miaka yote tuliyofanya kazi pamoja hajawahi kusikia kwamba nina dada. Akaniuliza tena anaitwa nani, nami nikamwambia, anaitwa Damari. Jayshree akalirudia, akasema ni jina zuri, akamwimbia mtoto wake kidogo, Damari, Damari. Nikaingia stoo nikajifanya natafuta sufuria.

Tangu Gwakisa afe sijalisikia jina lile kwenye mji huu. Na siku nimelisikia, dada, limetajwa vizuri, mbele za watu, bila kunong'ona, na hakuna aliyegeuka kuniangalia mimi.

Usinihurumie. Nikifa mtatafutwa, na mimi sasa mtanipata. Nilichotaka nimekipata chote. Nilikuwa tu sijajua kwamba nikikipata sitakuwa na jina la kuweka hapa chini. Damari ni wewe sasa, umelisaini. La kwako siwezi kukusainia wewe mwenyewe. Kwa hiyo nimeacha wazi, utanijua kwa mwandiko.

Mdogo wako